Kipanga Kurasa cha Owuor

Siku ya kwanza kazini nilifika na mfuko wa simu kuukuu, na nadhani simu ndizo zilizoajiriwa, mimi nikafuata tu. Nilikuwa fundi wa simu pale Kaloleni, na shule niliiachia kidato cha pili. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati mjini Kisumu. Aliyenipokea alikuwa Msimamizi wa Matoleo, mama ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kuuza nguo hapa. Alimwaga simu zangu mezani.

"Mzee, hizi zote zinawaka?"

"Zinawaka, Madam. Zingine zinataka kubembelezwa."

"Hizo za kubembelezwa ndizo nazitaka."

Kazi yao ilikuwa kutunza kiunzi cha wavuti. Kiunzi ni kama nguzo na paa ambavyo mwandishi wa programu anavikuta tayari, halafu anajengea tovuti yake hapo badala ya kuanza na uwanja mtupu. Chetu kilikuwa huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayokiendesha, uko wazi, na mtu yeyote duniani anaweza kuusoma, kuutumia bure, na kutuma marekebisho. Waandishi wengi walikuwa nchi za mbali. Sisi wa Kisumu tulikuwa wachache, tukilipwa na kampuni ndogo iliyotegemea kiunzi hicho. Hao wa mbali walikuwa na mashine nzuri. Mimi niliajiriwa ili nifungue kurasa kwa simu ambazo watu wa kwetu wanazo, mahali ambapo mtandao unakuja na kwenda, niseme ukweli wa nilichoona.

Meza niliyopewa ilikuwa karibu na ya Owuor. Owuor ndiye aliyeandika kipanga kurasa, yaani sehemu inayochukua maneno na picha kutoka kwenye hifadhi na kuvipanga viwe ukurasa. Alikuwa mtu wa taratibu. Kipanga chake kilikagua kila mstari mara mbili kabla ya kuutoa, kwa sababu siku zile seva, zile kompyuta zinazotuma kurasa, zilikuwa zinakatika katikati ya kazi na watu walikuwa wanapata nusu ukurasa. Kwa Owuor hakuna aliyepata nusu ukurasa. Ulikuja mzima, au haukuja.

Tulikuwa tunaenda pamoja hadi Ahero, kwenye ofisi ya wakulima wa mpunga ambao tovuti yao ilijengwa kwa kiunzi chetu. Ndiyo waliyotumia kutangaza habari za maji yanapopanda. Nilikuwa nashika simu, Owuor anainama begani kwangu, na tukisubiri ukurasa alikuwa anauita kwa Kijaluo kama anayemwita mtoto mdogo aje: "Bi, bi, bi." Tukasubiri. Katika kusubiri huko ndiko nilikojua jinsi alivyomwoa mke wake Atieno, na kwa nini hali samaki wa kukaanga, na jinsi anavyoogopa ng'ombe.

Baadaye nilipandishwa, nikawa mtunza ratiba ya matoleo. Marekebisho ya kiunzi hayaachiliwi ovyo kila anayeamka na lake. Yanakusanywa, yanajaribiwa, kisha yanatoka pamoja kwa namba moja, na hilo ndilo toleo. Kabla ya toleo tunafunga mlango: jambo jipya haliingii tena, tunarekebisha makosa tu. Ukichelewa unangoja toleo lijalo, hata ulie vipi. Kazi hii haikutaka akili nyingi. Ilitaka mtu asiyeona haya kusema hapana.

Owuor aliugua, na haikuchukua muda. Tulimzika kwao, Msimamizi akaja na gumboots kwa sababu njia ilikuwa matope.

Mvua zilizofuata, wakulima wa Ahero walileta malalamiko. Maji yalikuwa yamepanda, tangazo liko kwenye tovuti, na simu za watu zinachoka kabla ukurasa haujafunguka. Msimamizi aliniambia nipime ni sehemu gani inachelewesha. Nilipima kwa simu zangu zote, nikapima tena nikitumaini nimekosea. Ni kipanga kurasa. Ule ukaguzi wa mara mbili, ambao seva za sasa hazikuuhitaji tena, ndio uliokuwa unakula muda. Niliandika hivyo hivyo nilivyoona. Vijana wawili wa ofisini walikuwa tayari wameandika kipanga kipya, chepesi, na ratiba ya toleo ilikuwa mkononi mwangu.

Kabla ya kikao cha kuamua hilo nilipita Kaloleni kwa Atieno. Alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za kwaya.

"Shemeji, ile kazi yake imeharibika?" aliniuliza.

"Haijaharibika. Imekuwa nzito."

Alicheka mpaka akaachia pindo. "Kama mwenyewe! Huyo mtu hata kufunga viatu ilikuwa safari. Sisi tulikuwa tunafika kanisani watu wakisema amina." Kisha akaokota pindo. "Na jina lake, mnalifuta?"

"Hapana. Msimbo unatoka, lakini historia yake haifutwi. Kila mstari umebaki na jina la aliyeuandika. Anayerudi nyuma atamkuta."

"Basi toeni. Lakini msitoe kama mnafukuza mwizi."

Kwenye kikao Msimamizi alitaka tukate mara moja. "Kubeba vipanga viwili ni kazi mara mbili, Mzee. Kipya kiingie, cha zamani kitoke, toleo hili hili."

Nikamwambia utaratibu wetu ni kutoa onyo kwanza. Kipya kiwe ndicho kinachotumika, cha zamani kiachwe pembeni toleo moja, ili waliokitegemea wapate nafasi ya kuhama. Wako ambao tovuti zao zingekufa siku hiyo hiyo. Halafu nikaongeza kwamba kwetu nyumba ya marehemu haibomolewi kesho yake.

Aliniangalia. "Mzee, hii ni kazi au ni kilio?"

"Ni vyote viwili, Madam."

Alivua miwani, akaifuta kwa leso muda mrefu. "Basi onyo uliandike wewe," alisema.

Niliandika, nikampelekea. Alisoma akaanza kutabasamu. "Umeandika tangazo la kifo. Hapa umebakisha tu kusema mazishi ni Jumamosi." Tukalipunguza pamoja, na likatoka hivi: kipanga kurasa cha zamani bado kinafanya kazi katika toleo hili, kitaondolewa katika toleo lijalo, tafadhali hamieni kipya. Nikaomba niongeze maneno mawili, "Kimetuhudumia vyema." Alisema maonyo hayaandikwi hivyo. Lakini akayaacha yakae.

Toleo lijalo lilipofika nilikitoa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeomba nipewe kazi hiyo.

Sasa nimestaafu, nakaa Nyamasaria, na bado vijana wananiuliza siri ya kazi ile. Sina siri. Pima kwa simu ya yule mwenye simu mbaya kuliko zote. Usipindishe kipimo hata kikikuuma. Na unapotoa kazi ya mtu, waambie watu mapema, na kwa adabu, kwa sababu kuna aliyeishi humo.

Siku ile toleo la kwanza lenye kipanga kipya lilipotoka nilichukua matatu ya Ahero na ile simu kongwe ambayo tuliizoea mimi na Owuor. Mvua ilikuwa imeanza. Nilisimama nje ya ofisi ya wakulima, nikabonyeza, nikainamia kioo kama kawaida yetu.

"Bi," nikasema.

Ukurasa ulikuwa umeshafika. Maji yanapanda, ulisema, hamisheni mifugo. Watu pale nje walikuwa wameshausoma na wanaanza kutembea, na mimi nilikuwa bado nimeshika simu, nina zile bi nyingine mbili mdomoni, sina pa kuzipeleka.