Mionzi ya Jua na Mapafu ya Tata

Wiki ile kikundi cha WhatsApp cha kanisa letu kilitangaza kwamba jua limelipuka. Linatema mionzi ileile ya mashini ya hospitali, walisema, na atakayepigwa picha ya kifua siku hizo atapata dozi mara mbili. Mwandishi wa ujumbe alikuwa fundi wa simu pale mtaa wa Musonoi. Kubadilisha vioo vya simu kulikuwa kumempa elimu yote ya nyota.

Tata, baba yangu mzazi, alikuwa akikohoa tangu mvua zianze, nami nilikuwa nimemtafutia nafasi ya picha ya mapafu siku ya Ijumaa. Mzee huyu aliyefanya kazi miaka thelathini katika mgodi wa shaba uitwao Mashamba, baruti ikilipuka kila siku, aliniambia kwa upole: "Mutoto, tungoye jua ipone kwanza."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na ugonjwa wangu ni huo. Mwenye akili angemshika mkono akampandisha pikipiki. Mimi nilimkalisha jikoni nikaanza somo.

Nilimwambia nguvu ya jua huzaliwa tumboni mwake, katikati kabisa. Mwanga hautoki pale moja kwa moja. Unagonga huku, unarushwa kule, maelfu na maelfu ya miaka, kama mtu anayetafuta muhuri katika ofisi zetu. Karibu na ngozi ya jua, gesi yenyewe hubeba joto kwa kuchemka. Hapo nikafunua sufuria ya maji ya bukari, ugali wetu, aone ya chini yanavyopanda na ya juu yanavyoshuka. Milipuko hutokea juu ya ngozi hiyo, na ndiyo inayorusha eksirei. Lakini anga letu huimeza huko juu kabla haijafika Kolwezi. Labda itasumbua redio za masafa marefu kidogo, basi.

Tata alisikiliza kuliko darasa langu lote.

"Mwanga inakawia mu tumbo ya jua miaka maelfu?"

"Ndiyo, tata."

"Na jua haikufa?"

"Haikufa."

"Basi na mi naweza kungoya mpaka mwezi wa kesho."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia aache kunitupia fizikia yangu mwenyewe, aseme anachoogopa. Alifunika sufuria.

"Mi siogope jua," akasema. "Naogopa ile foto."

Ndipo nilipojua. Kompani yake ilikuwa ikiwapiga wafanyakazi picha ya mapafu kila mwaka, na aliyeonekana na doa alirudishwa nyumbani bila kazi. Kwa hiyo mwenye ndugu alimtuma ndugu. Wa tata alikuwa baba mdogo, fundi cherehani ambaye vumbi lake lote ni la chaki ya kuchorea nguo. Kila mwaka alivaa koti la tata, akabeba kadi ya tata, akavuta pumzi mbele ya mashini, kisha akarudi kuchukua kuku wake wa ujira. Karani alitazama kadi, hakutazama uso. Mapafu yale yalipendeza hata kompani ikampa tata hati ya pongezi, ambayo bado imetundikwa sebuleni. Kila Krismasi baba mdogo huitazama kwa fahari, nami nilidhani anamheshimu kaka yake.

Nilimwambia sasa hana kazi ya kufukuzwa, na Ijumaa tulikwenda. Jua lilikuwa kali, na halikumgusa mtu. Daktari, dada mmoja mpole, alibandika picha mpya kando ya ile ya mwisho ya kompani, iliyokuwa katika faili la tata, akazitazama muda mrefu.

"Tata, ulipostaafu mapafu yako yalikuwa safi kabisa," akasema. "Madoa haya yote yamekuingia lini? Lazima nijue, dawa inategemea hapo."

Tata alinigeukia. Akavua kofia yake, akaiweka magotini.

"Munganga, ile ya zamani ni ya ndugu yangu," akasema. "Ya kwangu njo hii. Mi sijapigwaka ingine."