Betri za Kwapani

Mji mzima ulimwita Kwapa, na mkewe hakulizoea jina hilo hata siku moja. Yeye alikuwa mwalimu mkuu, mwanamke wa kunyoosha kola za wenzake bila kuombwa. Kumsikia muuza maziwa akiuliza getini, "Kwapa ameshaamka?" kulimkata maini kila asubuhi.

Jina lilitokana na kazi. Mji wao ulikuwa juu kabisa, mahali ambapo katika miezi ya baridi majani huamka yamefunikwa na sakitu, nyeupe kama chumvi iliyomwagika, na mabomba hayatoi maji mpaka saa tatu. Baridi ya namna hiyo haipatani na betri ya kamera. Betri iliyojaa chaji, ikikaa nje kwenye mkoba, hupiga picha nne tano, kisha kamera inazima. Ukadhani imekufa, kumbe imeingia ganzi tu. Mumewe alilijua hilo tangu ujana, alipoaibika kwenye harusi ya watu. Baada ya hapo alishona mfuko ndani ya koti lake kuukuu, chini ya mkono wa kushoto, akaweka humo betri mbili za akiba. Iliyo kwenye kamera ikilegea, aliingiza mkono kwapani mbele ya umati, akachomoa yenye joto, na ile ya baridi akailaza palepale ipate uhai. Miaka ishirini hakurudi studio mikono mitupu.

"Si ungeziweka kwenye mkoba kama watu wengine," mkewe alimwambia zaidi ya mara moja.

"Mwalimu, mkoba una damu?"

Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, kigoda, na kitana kilichofungwa kwa kamba kando ya kioo kisiondoke na wateja. Nusu ya nyumba za mji zilitundika kazi yake ukutani. Nyumbani kwa mama yake hapakuwa na picha hata moja ya watoto wake sita wakiwa pamoja. Siku ya kumzika baba yao, kaka yao mkubwa alitupiana maneno na wenzake, akaondoka na kukaa mbali miaka kumi na minne.

Mama alipougua, akaomba jambo moja. "Nataka niwaone wote kwenye picha moja, na mlango wa baba yenu uonekane nyuma. Basi."

Kaka Mkubwa akakubali kuja. Angefika usiku, alale, na kesho yake saa mbili asubuhi gari lingemfuata. Simu za kupiga picha zilikuwa bado hazijafika kule. Kila kitu kilimtegemea Kwapa.

Asubuhi hiyo, nyumbani kwa mama, sakitu ilikuwa imepanda mpaka kwenye ngazi za baraza. Mwalimu alimkuta mumewe ameshika lile koti, viwiko vimechakaa, betri tayari ndani ya mfuko wake.

"Leo hapana," alisema. "Nimekupigia pasi suti."

"Koti lina kazi yake."

"Shemeji amekuja na mkewe, amevaa kama waziri. Hutachokonoa kwapa mbele yao, Baba Watoto. Hii ni picha ya ukoo."

Kwapa alicheka, akavaa suti. Alikuwa mtu wa kukubali. Dada yake alimwita akasaidie kumbeba mama, akaenda. Mwalimu akazitoa betri mwenyewe, akazifuta kwa leso, akazipanga vizuri ndani ya mkoba wa ngozi, na mkoba akauweka nje juu ya ukingo wa saruji, pale mtu angeuona na kuusifu.

"Betri ziko wapi?" Kwapa aliuliza akipita, mama mikononi mwake.

"Zipo mkobani. Mahali pake."

Aliutupia mkoba jicho, akampeleka mama kwenye kiti. Mama alikuwa mwepesi lakini alikuwa anatetemeka.

Kupangana kulichukua karibu nusu saa. "Mimi ndiye kitinda mimba, nakaa miguuni pa mama," alisema dada mdogo, mwenye miaka arobaini na mbili. "Kaa, ila usilie kamasi kwenye sketi yake," wakamjibu, na kwa mara ya kwanza Kaka Mkubwa akacheka na wenzake. Mama akamshika mkono, akaung'ang'ania. Kwapa akasimamisha kamera kwenye miguu mitatu, akatega saa ya kujipiga, akakimbilia nafasi yake.

Taa nyekundu ilikonyeza mara tatu, ikazima.

Alibadilisha betri. Kamera ikaamka, ikalala. Akatia ya tatu. Hiyo haikuamka kabisa. Zote zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

"Kwapa," alisema Kaka Mkubwa, ambaye jina hilo alikuwa amelisikia tena getini kwa muuza maziwa, "si ndiyo kazi yako hii? Hukuchaji?"

Mwalimu alisubiri. Mumewe hakumtazama hata kidogo.

"Nilisahau, kaka."

Akafungua vifungo vya suti, akabana betri kwapani, akasimama hivyo mbele yao wote kama mtu aliyejeruhiwa ubavu. Dakika zikapita. Mama akaanza kukohoa. "Atatufia hapa hapa," alisema dada, wakambeba ndani na kiti chake, kando ya jiko. Kwapa akaingia nyuma yao na kamera, na betri ilikuwa imezinduka. Lakini lenzi iliyotoka kwenye baridi ikakutana na joto, ikatoa jasho. Aliifuta, ikajaa tena. Nje honi ikalia. Kaka Mkubwa akainama kumuaga mama, na Kwapa akabonyeza hivyohivyo, mara moja.

"Tutapiga nyingine," Kaka Mkubwa alisema mlangoni.

Mama alifariki baada ya siku kumi na tisa. Mazishini walikuwa watano. Kaka Mkubwa alituma salamu.

Mjini wakasema Kwapa alisahau kuchaji betri siku ya mama yake. Wenye kutia chumvi wakasema alikuwa amelewa, yeye ambaye hakuijua ladha ya pombe. Mwalimu aliyasikia sokoni na hata kwenye ofisi ya walimu, akanyamaza. Alijiambia kwamba heshima ya nyumba hailindwi kwa kubishana na wapita njia. Jioni moja alijaribu. "Zile betri..." alianza.

"Chai inapoa, Mwalimu," alisema mumewe.

Aliendelea na kazi miaka tisa zaidi. Koti alilitundika mwenyewe, upande wake wa kitanda, na mkewe hakuligusa tena, hata kulifua.

Siku ya kumzika Kwapa, sakitu ilikuwa imeanguka kama ile ya mwaka ule. Kaka Mkubwa alikuja, ameinama sasa, anatembelea fimbo. Alipopewa nafasi ya kusema, alimsifu mdogo wake, kisha akataka kuwachangamsha watu. "Alikuwa fundi," alisema, "ila sisi ndugu zake alitusahau kwenye chaji." Watu wakacheka kidogo, kwa adabu.

Mwalimu akasimama. Hakuwa amepanga.

"Betri zilikuwa na chaji," alisema. "Mimi ndiye niliyezitoa kwenye koti lake nikaziweka kwenye baridi. Niliona aibu aonekane akichokonoa kwapa mbele yako, shemeji. Yeye alinifichia."

Mtu alikohoa, mchungaji akafungua kitabu chake.

Baada ya watu kutawanyika, Kaka Mkubwa alimfuata studio. Aliketi kwenye kigoda mbele ya pazia la bluu. "Ile aliyopiga ndani," alisema. "Ipo?"

Ilikuwa kwenye mtoto wa meza, ndani ya bahasha. Kaka Mkubwa aliipeleka dirishani kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku. Ukungu mweupe, na katikati yake doa moja jeusi.

"Mama yuko wapi hapa?"

Mwalimu akaweka kidole pale ambapo kiti kilikuwa.

"Simwoni, shemeji."

"Hata mimi simwoni," alisema Mwalimu.