Kolekole Asiye na Jicho

Nilifika Mambrui nimechoshwa na njia. Nilitoka Kigoma kwa gari-moshi hadi Dar es Salaam, nikaunga mabasi hadi Mombasa, kisha nikapakia malori Mariakani mpaka mgongo ukakataa. Miaka ile ya themanini sikukaa mahali nikatulia. Mambrui nilikodi chumba kwa mama mmoja mjane. Chumba cha pili alikuwamo mzee wa Kijapani, mwalimu wa uchoraji aliyestaafu.

Mzee huyo aliwapiga samaki chapa. Alimpaka samaki wino wa masizi, akalaza karatasi nyembamba juu yake, akaikandakanda kwa vidole. Alipoifunua, samaki yupo mzima, hata magamba. Alisema wavuvi wa kwao walianza hivyo wapate kuonyesha ukubwa wa samaki bila kubishiwa, baadaye ikawa sanaa.

"Kwetu samaki hupakwa chumvi, babu," mama alimtania. "Masizi ni ya sufuria."

Siku moja mwana wa pekee wa mama, aliyekuwa akisafiri kesho yake kwenda Omani kutafuta kazi, alileta kolekole mkubwa. Mzee akampiga chapa, nasi tukamwosha samaki tukamla. Mama aliitamani sana ile karatasi, lakini picha ya kiumbe asingeweza kuitundika katika nyumba anayoswalia.

"Malaika hawataingia," alisema. "Na mimi nabaki peke yangu humu. Nawahitaji."

Mzee alikuwa ameshachovya brashi amtie samaki jicho. Kila mara jicho tu ndilo alilolichora kwa mkono wake. Mengine yote yaliachwa na samaki mwenyewe. Alikaa na brashi hewani, wino ukidondokea mkeka, kisha akaenda kuiosha.

"Michoro ya kwetu huacha nafasi tupu," alisema taratibu. "Anayetazama ndiye hujaza."

Mama aliipeleka ile karatasi kwa kaka yake, mwalimu wa madrasa. Yule aliigeuzageuza mwangani.

"Huyu hana jicho wala uhai. Ni alama tu, kama unyayo mchangani. Tundika, dada yangu."

Mzee alirudi kwao kabla ya masika. Mimi nilikaa zaidi kuliko nilivyozoea. Asubuhi niliyoondoka nisirudi tena, nilimkuta mama mbele ya ile karatasi. Pale pa jicho palikuwa pamechakaa kwa kuguswa.

"Shikamoo, mama. Ndiyo naondoka."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtu wa njia. Ukipita kwao yule babu, mwambie kijana hajarudi, lakini samaki wake yupo."