Siku ya Masikio Peke Yake

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na wewe umenirudisha kwayo kwa hiyo karatasi yako. Umekuja kwa furaha kunionyesha programu yako ya kufundisha Kiingereza kule Kitshanga: Jumatatu kusoma, Jumanne kuandika, Jumatano kusikiliza, na kuongea umekusukuma hadi Ijumaa alasiri, wakati watoto wanawaza kwenda nyumbani. Mistari umeipiga vizuri kwa rula. Nami nikanyamaza, ukadhani babu yako amesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa naiona karatasi niliyoichora mimi mwenyewe nilipokuwa na umri kama wako, na haya zikanirudia upya.

Kaa chini. Chai ipo, na maziwa ya kwetu Mushaki yapo. Sina haraka, na wewe usiwe nayo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mbelgiji bado anatutawala. Mimi mtoto wa huku juu, mtoto wa ng'ombe na baridi, nilikuwa nimekaa Uganda miaka mitatu nikimpikia mmisionari mmoja na mke wake. Kiingereza nilikipata huko. Niliporudi nikasoma ualimu, nikapewa cheti, na kile cheti kikanivimbisha kichwa. Misheni wakanituma chini, Walikale, kwenye kijiji kimoja cha msituni, mwendo wa nusu siku kutoka Mpofi. Joto lilinichosha, maziwa sikuyaona, na watu walionipa ndizi na nyama kila siku niliwaona washamba. Ujana ni hivyo, unakula cha mtu na kumcheka.

Utaniuliza, Kiingereza kilitafuta nini Walikale wakati serikali ilitaka Kifaransa? Lopitali ya misheni ilikuwa na munganga mmoja, daktari mwanamke kutoka ng'ambo, na dawa zake na vitabu vyake vyote vilikuwa vya Kiingereza. Alitaka vijana wa kusaidia wagonjwa, awafunze kazi mwenyewe. Niliwekewa watu wanane niwatayarishe, naye angepita kuwachagua.

Kati ya hao wanane alikuwamo Furaha, binti wa mwindaji aliyeitwa Papa Kubuya. Mama yake alifia njiani akiwa na uchungu wa kuzaa, amebebwa kwenye machela siku mbili msituni, na lopitali hawakuifikia. Siku ya kwanza nilipouliza kila mtu anataka nini, wengine walitaja viatu na nguo nyeupe. Furaha alisema anataka awepo pale mlangoni siku mama mwingine atakapoletwa. Wazee wa ukoo wake walikuwa wameshatoa neno: akikosa nafasi mwaka ule, ataolewa, na habari za masomo ziishe.

Basi nikafundisha. Kila kazi niliipa siku yake, kama wewe. Siku ya kuandika ilikuwa ya kuandika tu, na mtu akiniuliza jambo kwa mdomo nilimwambia angoje siku ya mdomo. Haki ya Mungu, nilisema hivyo. Na siku ya mdomo yenyewe walikariri kurasa za kitabu kwa sauti, wote pamoja, mimi nikitembea na fimbo yangu nikijisikia profesa. Kaye ya Furaha, yaani daftari lake, ungeiona ungesema imepigwa chapa. Nililibeba lile daftari kumwonyesha kila mgeni.

Munganga akaja. Akafungua daftari, akafurahi. Kisha akamwambia Furaha kwa Kiingereza chepesi, polepole, achukue kikombe mezani, ampelekee maji mama mmoja aliyekaa mlangoni, amuulize anaumwa wapi, arudi aeleze. Furaha akasimama. Akanitazama mimi. Kisha akafumba macho na kuanza kukariri ukurasa wa kwanza wa kitabu, ule wa mkulima na jembe lake. Maskini, aliukariri wote bila kosa. Yule mama mlangoni akabaki na kiu yake.

Wengine walikuwa vilevile. Munganga hakuchagua mtu. Akaniambia kwa upole kwamba atapita tena baada ya miezi mitatu, na hiyo itakuwa mara ya mwisho kwa mwaka ule.

Na mimi, mwanangu, badala ya kujiuliza, nilimgeukia yule msichana mbele ya wenzake na kumwambia kichwa chake ni kigumu, amenitia aibu bure. Alikunja daftari lake kwenye kitenge na kwenda kwao. Hilo neno ningeweza kulimeza ningelimeza hata leo, lakini majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Siku ya tatu Papa Kubuya akaja kwangu. Nilijitayarisha kwa ugomvi. Hakuwa na ugomvi. Alikaa, akaomba nimwelezee programu yangu, akasikiliza mpaka mwisho akikuna kidevu. Kisha akasema, "Mualimu, nasikia kwako kila kitu iko na siku yake. Ni vizuri. Kesho tunaenda kuwinda, kuya na sisi. Lakini kesho itakuwa siku ya masikio tu. Macho na kinywa iko na siku zao."

Nilicheka, nikakubali. Sikujua nimeingia wapi.

Watu wa kule huwinda kwa nyavu. Wanazifunga kwenye miti, moja baada ya nyingine, safu ndefu, na upande wa pili vijana wanaingia na mbwa kuwafukuza wanyama. Mbwa wao hawabweki, kwa hiyo kila mmoja anavishwa shingoni kengele iliyochongwa kwa mti. Papa Kubuya aliniweka kwenye wavu wake mwenyewe. Akanipa jani nilishike kwa midomo nisisahau kwamba siku ya kinywa haijafika, akaniamuru niangalie chini. Wale wanaume wengine waliuma midomo wasicheke.

Nikasikia kengele. Kwanza mbali, halafu karibu, halafu majani yanavunjika. Masikio yangu yalifanya kazi nzuri sana, siwezi kuyalaumu. Kwa pembe ya jicho nikaona wavu umechomoka kwenye kigingi, hapo karibu na mguu wangu, umeacha nafasi ya kupita mbuzi. Neno moja tu lingetosha, Papa Kubuya alikuwa hatua sita kutoka kwangu. Lakini nilikuwa na jani langu mdomoni na ahadi yangu. Mboloko akaja, yule paa mdogo wa msituni, akapita pale pale chini, akanigusa kiatu, akaenda zake. Nyama ya kijiji kizima ilipita miguuni pangu nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu anayesali.

Hawakunipigia kelele. Hilo ndilo lililonichoma.

Wakati wa kurudi aliniacha nitangulie. Njia ikagawanyika mara mbili. Nikashika ya kushoto, nikazama kwenye tope hadi magotini, na suruali yangu ilikuwa nyeupe. Nyuma yangu Papa Kubuya alikuwa amesimama kwenye njia panda, anaonyesha tawi bichi lililolazwa kukata ile njia ya kushoto. Wenzake waliotangulia waliliweka kumwambia anayekuja nyuma asipite hapo. Nililikanyaga bila kulisoma, kwani siku ya macho nayo haikuwa imefika.

Alinivuta kutoka topeni, tukakaa juu ya gogo. Akaniuliza kile Kiingereza changu nilikijifunzia wapi, kwenye programu ya namna gani. Nikajikuta naeleza ukweli. Hapakuwa na programu. Mke wa mmisionari aliniita, nikaitika. Aliniachia karatasi mezani ya vitu vya kupika, nikaisoma nikisaidiwa na harufu ya jikoni. Kilichokwisha stoo nilikiandika mwenyewe, na nilipoandika vibaya aliniuliza, nikamjibu, tukacheka, nikaandika tena. Yote katika asubuhi moja, na mikono yangu ina unga.

Papa Kubuya akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi uzee huu.

"Kumbe weye ulikula chakula nzima. Sasa watoto yetu unawapa mifupa leo, mchuzi kesho, chumvi siku ingine. Mutoto wangu haiko mujinga, mualimu. Ulimuweka pa wavu, na ni weye mwenyewe ulimufunga kinywa."

Nililia, mwanangu. Nilikuwa na cheti na matope magotini, na nikalia mbele ya mwindaji asiyejua hata kusoma. Yeye akatazama pembeni, akajifanya anatafuta mbwa wake.

Niliwaza njia yote. Mwindaji anasikia kengele, anamwita jirani yake, anasoma nyayo kwenye udongo, anavunja tawi kumwachia habari anayemfuata. Hakuna aliyemwambia afanye moja aache jingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tulijua methali hiyo tangu utotoni, lakini mimi niliiacha mlangoni mwa klasi.

Kesho yake niliwaita wote wanane. Nilimwomba Furaha msamaha mbele ya wale wale walioniona nikimtukana. Si kazi nyepesi kwa kijana mwenye cheti. Yeye aliangalia chini, kisha akasema, "Mualimu, tuanze basi, siku zinapita."

Tukaanza. Fimbo niliitupa jikoni, ikapikia maharage. Kila asubuhi tulitengeneza jambo moja tu la kufanya. Mmoja alikuwa mgonjwa, akieleza kwa Kiingereza alivyoweza pale panapouma. Mwenzake alimuuliza, akasikiliza, akaandika kwenye kipande cha karatasi. Wa tatu, ambaye alikuwa nje, aliingia, akaisoma ile karatasi, akatoa dawa, yaani ndizi, na kumweleza mgonjwa aile mara ngapi. Karatasi ikisomeka vibaya, mgonjwa alikosa ndizi, na hapo ndipo mwandiko ulipopata maana. Kulikuwa na kijana mmoja aliyependa sana kuugua. Alianguka, akatoa macho, mara mbili alikufa kabisa kabla hajaulizwa kitu. Tulicheka mpaka mkuu wa misheni akaja kuuliza kama bado ni shule.

Nisikudanganye, haikuwa nadhifu. Makosa yalijaa, kichwa kiliniuma, na lile daftari zuri la Furaha likawa na madoa na maneno yaliyofutwa. Kuna siku nilitamani ile programu yangu ya zamani, iliyokuwa kimya na safi. Papa Kubuya alikuwa akipita dirishani na mbwa wake, anasimama kidogo, anasikiliza kelele, anaenda zake ameridhika.

Munganga alirudi, na safari hii alikuja na mama mjamzito kweli, kutoka kijiji cha jirani, asiyejua lugha yoyote ila ya kwao. Alimpa Furaha karatasi yenye maswali ya Kiingereza. Furaha akaisoma kimya, akapiga magoti kando ya yule mama, akamuuliza kwa Kinyanga, akasubiri majibu. Kisha akamgeukia munganga na kuanza kueleza kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha miguu miwili mifupi, kinaruka na kuanguka, lakini kilikuwa kinakwenda. Munganga akauliza kitu kwa haraka. Nikaona uso wa Furaha umekwama. Nikangoja aanze habari za mkulima na jembe lake.

Hakukariri. Akamwomba munganga, kwa Kiingereza, tafadhali arudie polepole.

Mimi sikuwahi kumfundisha sentensi ile. Aliipata mwenyewe kati ya wagonjwa wetu wa ndizi. Munganga akarudia, Furaha akajibu, akaandika majibu yote, na kabla ya kuinuka akampa yule mama maji ya kunywa, ambayo safari hii hakuna aliyekuwa amemwagiza. Munganga akamchagua Furaha, wakaondoka siku ile ile. Papa Kubuya aliubeba mzigo wa binti yake mpaka barabarani, na habari za kuolewa zikaishia hapo.

Sasa sikiliza mwisho wake, nawe utajua kwa nini nimenyamaza juu ya karatasi yako. Miaka minne baadaye nilikuwa nimeoa, na bibi yako akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Tulifika lopitali asubuhi, mimi nimechanganyikiwa kabisa. Aliyetupokea mlangoni alikuwa Furaha. Nilikaa nje ya pazia, nikamsikia anamtuliza bibi yako kwa Kiswahili, anamjibu munganga kwa Kiingereza, anasoma jina la dawa kwa sauti, kalamu yake inakwaruza karatasi, yote katika pumzi moja. Sikuweza kufanya chochote ila kusikiliza. Ilikuwa siku yangu ya pili ya masikio peke yake. Kisha nikasikia kilio cha mtoto, na mtoto yule ni mama yako.

Basi, mwanangu, usiwakatie watoto wa watu lugha vipande vipande. Wape jambo la kufanya, kubwa ama dogo, na sikio, kinywa, jicho na mkono vilifanye pamoja, hata kama klasi itapiga kelele na daftari litachafuka. Usimwambie mtu angoje astahili kusema, kwani hata mtoto mchanga huanza kwa kelele. Na mwanafunzi akikwama, kabla ya kumwita mjinga, angalia kwanza kama si wewe uliyempa jani la kushika mdomoni.

Mungu aliyemleta mama yako salama akutangulie Kitshanga. Akupe masikio ya mbwa wa Papa Kubuya na uvumilivu wa Papa Kubuya mwenyewe. Unaowafundisha wakupite, nawe uishi uone wamekupita, na ufurahi kama nilivyofurahi mimi nyuma ya lile pazia.

Sasa nipe hiyo karatasi yako, na kalamu. Tuanze na Jumatatu.