Mwenye Nyumba Aliyekwisha Liliwa

Kagwe alimzika shemeji yake Wakonyo angali hai. Wakati wa Hali ya Hatari, Wakonyo alipokuwa kizuizini, Kagwe aliwaambia wapangaji wa Wakonyo huko Thika kwamba amekufa, kisha akajifanya mwenye nyumba. Mwaka 1957 Wakonyo aliachiliwa. Wazee wakamrudishia vyumba vyake, naye akaenda peke yake kujitambulisha.

"Hodi! Mimi ndiye Wakonyo, mwenye nyumba."

Selpha, mpangaji wa chumba cha kwanza, aliuachia mwiko ukazama kwenye ugali. "Yawa! Wakonyo yupi? Yule tulimlilia hapa uani mpaka sauti zikakauka!"

"Asante kwa kilio, mama. Basi mliyemlilia ni mimi." Akamnyooshea mkono.

Selpha akaficha wake ndani ya leso. "Usiudhike. Kwetu aliyekwisha kuliliwa haguswi; aliyetangaza kifo ndiye aje akitangue. Kabla ya hapo sikushiki."

Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Wakonyo akaketi kizingitini pa nyumba yake mwenyewe, akisikia watu wakila na kunong'ona.

Kagwe yuko Ruiru, mzima wa afya. Mpaka leo hajaja kusimama katika ua ule na kusema, "Shemeji yangu yu hai. Nilidanganya."