Kitambaa Alichonibebea Baba

Mimi ni mwoga, niseme hivyo kwanza, na woga wangu una sauti nzuri ya mwalimu. Nafundisha Gitega. Jumapili ile nilikuwa Muyinga kwa baba, nimemaliza siku mbili za kula, kucheka na kuambiwa nimekonda, na saa nane mchana nilitakiwa barabarani, kwenye maandamano ya vijana wa parokia na sisi walimu wachache. Mvua siku hizi inakuja inapotaka, milima imenyolewa, tukaona tusinyamaze. Kitambaa cha mbele nilikuwa nacho mimi, kimeviringishwa kwenye fito zake mbili, kwa sababu maandishi niliyachora kwa mkono wangu.

Yalisema: MATANURI YA MATOFALI YANAMALIZA MITI YETU.

Baba anachoma matofali. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania hatukuwa na kitu ila kipande cha bonde chenye udongo mzuri, akajenga tanuri, na tanuri hilo ndilo lililonisomesha mpaka nikajua kuchora herufi. Yeye mwenyewe hajui kusoma.

Kwetu mtu hainuki tu akaondoka. Unaomba njia, mwenye nyumba anakupa kinywaji cha mwisho, ndipo anakupa njia, tena anakusindikiza akikubebea mzigo. Niliomba njia saa saba. Baba akasema, kaa kwanza. Nikaomba tena. Akanimiminia pombe ya ndizi, akauliza kitambaa kile ni cha nini.

"Cha maandamano, baba. Mambo ya mvua."

"Kimeandikwa nini?"

Nilikuwa na pombe mdomoni, nikaimeza. "Tupande miti," nikasema.

"Hilo ni neno," akasema, na alifurahi kweli. Yeye mwenyewe alikuwa akilalamika kwamba kuni anazifuata mbali siku hizi. Akavaa koti lake la kanisani, akaweka fito begani. "Haya, njia nimekupa. Twende."

Nikamwambia ni chepesi, nitabeba mwenyewe. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Baba gani anamwacha binti yake abebe mzigo kutoka nyumbani kwake? Nikafuata nyuma, nimefungwa kwa adabu aliyonifundisha yeye. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kilomita mbili nzima.

Tulipofika barabarani wenzangu wakakikunjua kitambaa, lakini baba hakuachia ufito wake. Mimi nikashika wa pili. Tukaenda hivyo, mbele ya watu wote, yeye akisalimia kulia na kushoto. Waliomjua walitazama kitambaa, wakamtazama yeye, wakaitikia kwa sauti ndogo. Mama mmoja muuza parachichi alicheka, na baba, masikini, akacheka naye. Nilitaka kumwambia. Kila hatua nilitaka, na kila hatua nilikuwa nimechelewa zaidi. Niliona aibu mpaka masikio yakaniuma.

Barabara ile inapita juu ya bonde letu. Tanuri lilikuwa linatoa moshi, na wafanyakazi wake wakapanda kutuangalia. Mmoja wao, aliyeishia darasa la sita, alisoma polepole akichezesha midomo. Alipomaliza aliinamisha macho, kama mtu aliyemkuta mkwe wake akioga. Baba alimwona. Akageuka akayatazama yale maandishi kwa muda, kisha akanitazama mimi. Aliendelea kubeba mpaka uwanjani, akakiviringisha vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Mwezi uliofuata nilirudi Muyinga. Tulikula, tuliongea habari za mashamba, matofali hayakutajwa. Mchana nikaomba njia. Sikuambiwa kaa kwanza. Baba akanimiminia, nikanywa, akasema, "Njia unayo," akabaki kitini. Mkoba wangu niliubeba mwenyewe mpaka barabara kubwa.