Jina la Bucha Lililochezeshwa Kamari

Mumewe alipofariki, wengi walidhani Mwanatatu, mama yake Suhail, angeliuza bucha kabla eda haijaisha. Hakuuza. Pale pale Meru mjini, karibu na soko la Gakoromone, alianza kukaanga nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo inayohifadhiwa ndani ya mafuta ikakaa miezi bila kuoza. Wateja wakamjia kutoka Embu hadi Nairobi.

Hapo ndipo alipojitokeza Gikunda, kijana wa tai nyekundu na ofisi yenye kiyoyozi, kana kwamba baridi ya Meru haimtoshi. Alimtengenezea tovuti, akamsajilia jina mtandaoni, na kila mwaka Mwanatatu alimlipa alihuishe. Kampuni yake ilijua kupenda wateja. Idd ilituma salamu, Krismasi ilituma salamu, hata siku ya wapendanao ilimwita "mpenzi wetu", mjane wa watu.

Mwaka jana, Ramadhani ilipoanza tu, oda zilikauka. Kisha Mzee Abubakr, jirani yake muuza viungo, akaja na simu mkononi, uso umekunjamana.

"Mwanatatu, kumbe siku hizi unachezesha watu kamari?"

Akatazama. Palipokuwa na picha ya sufuria zake, msichana nusu uchi alikuwa akirusha karata. Jina la juu lilikuwa lile lile la bucha.

Alipiga simu kwa kampuni. Mashine ikamwambia simu yake ni ya muhimu sana, ikampigia muziki, ikakata. Akavaa buibui, akaenda mwenyewe.

"Mama Suhail, jina liliisha muda," Gikunda alisema bila kuinuka. "Watu wengine wakalichukua. Mtandao ndivyo ulivyo."

"Si nilikulipa?"

"Ulilipa, lakini sistimu haikusoma. Na onyo lilitumwa."

"Kwa nani?"

Akajikuna shingo. "Kwa mwenye jina."

"Mwenye jina ni nani, kama si mimi?"

"Kwa rekodi ni kampuni. Huwa tunaandikisha hivyo, kurahisisha mambo."

Yaani bwana mkubwa alilisajili kwa jina lake mwenyewe, akajionya mwenyewe, na akajipuuza mwenyewe. Halafu, bila haya, akasema yuko tayari kuzungumza na hao wa kamari ili walirudishe, kwa ada ndogo tu.

Mwanatatu alimtazama kama anavyotazama ini lenye minyoo. "Marehemu aliuza nyama maisha yake yote, na hakuwahi kumuuzia mtu kitu chake mwenyewe. Kaa na huduma yako."

Alimwendea Kagwiria, mpangaji wake anayefundisha kompyuta. Wakasajili jina jipya, safari hii mwenye jina akiwa Mwanatatu, na maonyo yaje kwenye simu yake. Wateja wa Nairobi walirudi kidogo kidogo. Hoteli moja ya Embu haikurudi. Mwenye hoteli alisema yeye hali nyama ya wacheza kamari, na maelezo hakutaka kuyasikia. Hilo lilimuuma Mwanatatu kuliko yote.

Gikunda yupo bado, na tai yake. Juzi aliutumia mji mzima ujumbe: "Huduma unayoweza kuiamini." Mwanatatu aliusoma katikati ya kukata mafuta, akaufuta kwa kidole kilichoroa, akauliza nani anafuata.